Kutoka Jikomboe hadi Instagram: Jinsi Blogu za Kiswahili Zilivyopoteza Wasomaji

Watu wakiuliza kama mitandao ya kijamii imezimeza blogu binafsi, mara nyingi hulitafuta jibu kwenye teknolojia peke yake: kimekuja kipya, cha zamani kimejiondokea. Afrika Mashariki mambo hayakwenda hivyo. Hapa blogu zilizaliwa kwa sababu zinazojulikana, zikanawiri kwa takriban miaka kumi, kisha zikadhoofishwa na mambo matatu yaliyokuja kwa zamu: simu, bei ya bando na sheria. Mitandao ya kijamii iliwapokea watu waliokwisha kusukumwa. Mfuatano huo unamhusu kila anayejali maandishi ya Kiswahili, kwa sababu mengi tuliyoyaandika wenyewe kuhusu nchi zetu kuanzia 2004 yaliandikwa kwenye blogu, na baadhi yake leo hayapatikani tena.

Kabla ya 2004: Hakuna kusomwa bila mhariri

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, Mtanzania au Mkenya aliyetaka kusomwa na watu asiowajua alikuwa na njia chache. Angeweza kumwandikia mhariri barua, kupeleka shairi gazetini, au kutafuta mchapishaji wa kitabu na kusubiri miaka. Vyombo binafsi vya habari viliporuhusiwa, magazeti yaliongezeka, lakini ukurasa ulibaki na mipaka yake na bado alikuwepo mtu wa kuamua nini kiingie na nini kitupwe.

Wakati huohuo Marekani, watu walikuwa wakijenga kurasa zao binafsi na kuziongezea maandishi kila siku. Jorn Barger, mmoja wao, aliupa mtindo huo jina mwaka 1997. Mwaka 1999 kampuni ndogo ya Pyra Labs ikatoa huduma ya Blogger, ambayo Google iliinunua mwaka 2003, mwaka uleule WordPress ilipoanza. Huduma hizo zilimwondolea mwandishi gharama ya kuchapisha na haja ya kujua lugha ya kompyuta. Aliyeweza kuandika barua pepe aliweza kuchapisha.

Kwetu, hata hivyo, intaneti ilikuja kwa setilaiti, ikiwa ya polepole na ya ghali. Wengi waliipata kwenye intaneti kafe za mijini, wakilipia kwa muda waliokaa. Ndiyo maana waandishi wa kwanza walitoka katika makundi matatu: Waafrika Mashariki waliokuwa wakisoma au kufanya kazi ughaibuni, waandishi wa habari wenye kompyuta ofisini, na vijana wa teknolojia wa Nairobi. Chimbuko hilo liliziachia blogu zetu alama. Tangu mwanzo zilikuwa mazungumzo kati ya walio nyumbani na walio mbali.

2004–2006: Jikomboe, Helsinki na wadau

Mwaka 2004 Ndesanjo Macha, mwandishi wa makala magazetini aliyekuwa akiishi Marekani, alianzisha Jikomboe, ambayo wengi huitaja kuwa blogu ya kwanza ya Kiswahili. Humo aliandika kuhusu siasa, utamaduni, teknolojia na haja ya Mwafrika kufikiri kwa lugha yake. Zaidi ya kuandika, aliwahimiza wengine waanze, akawaelekeza namna ya kufungua blogu na kuwatambulisha kwa wasomaji wake. Alichangia pia Wikipedia ya Kiswahili, na baadaye akawa mhariri wa Afrika kusini mwa Sahara wa Global Voices, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Harvard mwishoni mwa 2004 ili kuzifanya sauti za wanablogu wa dunia nzima zisikike.

Tukio lililogeuza mkondo lilitokea Septemba 2005 mjini Helsinki. Tanzania na Finland zilikuwa zikiongoza kwa pamoja mchakato wa mazungumzo kuhusu utandawazi na demokrasia, na mkutano wake mkuu ulikuwa ukifanyika huko. Muhidin Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti la Daily News, alikuwa kwenye msafara wa habari. Alikutana na Ndesanjo, wakafungua blogu palepale. Mwandishi aliyejitolea kufundisha alikuwa amekutana na mpiga picha aliyejua kila kona ya Dar es Salaam, na matokeo yalizidi kile ambacho kila mmoja angefanya peke yake.

Jikomboe ilikuwa ya hoja. Blogu ya Michuzi ilikuwa ya maisha. Iliitwa Globu ya Jamii. Ilibeba picha za harusi na misiba, ziara za viongozi, ajali barabarani, mpira, wanafunzi wanaoagwa uwanja wa ndege, matangazo ya kutafuta ndugu waliopotezana. Wasomaji wakaitwa wadau, naye akawa Ankal, yaani mjomba. Kila asubuhi libeneke, kama alivyoiita kazi hiyo, liliendelea. Kwa Mtanzania aliyekuwa Houston, Reading au Muscat, ilikuwa njia ya kujua nani kaoa, nani kafariki na mvua imefanya nini Jangwani. Sehemu ya maoni ilijaa ubishi, pole, hongera na kumbukumbu za shule.

Wengine wakafuata miaka hiyo na iliyofuata, kila mmoja na sauti yake. Maggid Mjengwa, akiwa Iringa, aliweka picha za vijijini na tafakuri kuhusu nchi. Evarist Chahali aliandika Kulikoni Ughaibuni kutoka Scotland. Profesa Joseph Mbele wa Chuo cha St. Olaf, Minnesota, aliandika Hapa Kwetu, ambamo msomaji alikuta insha za vitabu, elimu na tofauti za tamaduni. Bongo Celebrity ikachapisha mahojiano marefu na wasanii, kwa kina ambacho magazeti mengi hayakuwa na nafasi nacho.

Nairobi kulikuwa na kundi jingine, lililoandika zaidi kwa Kiingereza: Ory Okolloh wa Kenyan Pundit, Daudi Were wa Mental Acrobatics, Erik Hersman wa White African. Mwaka 2006 Okolloh alishiriki kuanzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia kazi za wabunge wa Kenya.

Kilichoziunganisha blogu hizi zote ni orodha ya viungo iliyokaa pembeni mwa ukurasa. Mwenye blogu aliwataja wenzake, nao wakamtaja. Msomaji alitoka kwa Michuzi akaenda kwa Mjengwa, akaishia kwa profesa wa Minnesota ambaye hakuwahi kumsikia. Hakuna kampuni iliyompangia asome nini. Njia hiyo ilikuwa ya polepole, lakini waandishi waliitengeneza wenyewe na kuitunza wenyewe.

2007–2009: Uchaguzi wa Kenya na nyaya za baharini

Uzito wa blogu ulidhihirika Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Tarehe 30, vurugu zikiwa zimeanza, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Redio na televisheni zilipobanwa, watu waliwageukia wanablogu. Okolloh aliandika usiku na mchana, akipokea taarifa kwa barua pepe na ujumbe wa simu. Mwanzoni mwa Januari 2008 aliandika kwenye blogu yake kwamba pangehitajika ramani ya kuonyesha kila tukio mahali lilipotokea. Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine waliitikia, na katika muda wa siku chache Ushahidi ikawa hewani. Zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha katika machafuko yale. Mfumo uliozaliwa kutokana na andiko moja la blogu ulikuja kutumika Haiti baada ya tetemeko la 2010 na kwingineko duniani.

Wengi wa waliojenga Ushahidi walikuwa wamejuana kwa kusomana. Hoja ilitolewa, ikasomwa kwa utulivu, ikajibiwa kwa vitendo. Ni wazi kwamba blogu zilikuwa zimekusanya jumuiya iliyoaminiana kabla ya siku ya shida kufika.

Mwaka uliofuata ulileta badiliko la aina nyingine. Julai 2009 mkonga wa Seacom ulizinduliwa, ukiunganisha pwani ya Afrika Mashariki na dunia kwa nyaya chini ya bahari. TEAMS ikafika Mombasa mwaka huohuo, na EASSy mwaka 2010. Intaneti ikawa ya kasi na bei yake ikaanza kushuka. Wanablogu walishangilia, na walikuwa na sababu: picha zilizokuwa zikichukua dakika kadhaa kupanda sasa zilipanda mara moja. Lakini mkonga huohuo ulileta wageni wengine. Mwaka 2009 Facebook ilitoka kwa Kiswahili, na mwaka huohuo iliweka kitufe cha kupenda, kilichomwezesha msomaji kujibu bila kuandika neno.

2010–2014: Simu mkononi, bando mfukoni

Blogu ilibuniwa kwa ajili ya mtu aliyeketi mbele ya kompyuta. Simu janja za bei nafuu, kama Huawei IDEOS iliyouzwa sana Kenya kuanzia 2011, zilileta mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kuketi hivyo. Kwao intaneti ilianzia kwenye simu, na kwenye simu ilianzia Facebook, kisha WhatsApp, kisha Instagram.

Bei ikakaza mwelekeo huo. Makampuni ya simu yalianza kuuza vifurushi vya mitandao ya kijamii kwa bei ya chini kuliko intaneti ya kawaida. Mwaka 2014 Tigo Tanzania iliwaruhusu wateja wake kutumia Facebook ya Kiswahili bila kukatwa data. Mwenye shilingi chache alikuwa na uchaguzi rahisi: kufungua blogu kulimla bando, kufungua Facebook hakukumla. Tusiseme basi kwamba msomaji alichoka kusoma makala ndefu. Alifanya hesabu, na hesabu ilikuwa imepangwa kabla hajafika dukani.

Njia za kuzifikia blogu nazo zilikuwa zikizibwa. Google Reader, programu iliyowakusanyia wasomaji maandiko mapya ya blogu walizozifuata, ilifungwa Julai 1, 2013. Orodha za viungo pembeni zilianza kuchakaa, zikielekeza kwenye blogu zilizolala. Mwandishi aliyetaka kusomwa alilazimika kubandika kiungo chake Facebook, na baada ya muda akajiuliza kwa nini asiandike hukohuko moja kwa moja.

Blogu zenyewe pia zilibadilika, na hapa lawama si ya makampuni peke yake. Matangazo ya biashara yalipoingia, nyingi ziliacha sauti ya mwenyewe zikawa mbao za habari. Taarifa moja kwa vyombo vya habari ilionekana kwenye blogu kumi siku moja, na maneno yale yale. Msomaji aliyekuwa akimtafuta mtu fulani kwa ajili ya fikra zake alikuta amebakiwa na picha za semina. Habari za haraka zikishindana, Instagram na WhatsApp hushinda, kwa kuwa zimeundwa kwa ajili ya haraka. Blogu zilizoingia kwenye mbio hizo ziliacha silaha yake kubwa, yaani sauti isiyofanana na nyingine.

Walioona mapema kwamba hadhira inahama walihama nayo. Millard Ayo, mtangazaji wa redio aliyejenga tovuti yenye wasomaji wengi, alikuza jina zaidi kwenye YouTube na Instagram. Mange Kimambi, aliyejulikana kwa blogu ya U-Turn, aliipata hadhira kubwa zaidi alipohamia Instagram, na wito wake wa maandamano ya Aprili 26, 2018 ulizungumzwa nchi nzima, ingawa siku yenyewe ulinzi mkali wa polisi uliacha mitaa kimya.

2015–2018: Sheria na ada

Kufikia hapo blogu zilikuwa zimepungua nguvu, lakini zilikuwa hai. Kilichofuata Tanzania kiliwafikia waandishi waliokuwa wamebaki. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la majadiliano la JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa, suala kubwa likiwa kukataa kutoa taarifa za watumiaji.

Machi 2018 zikatoka Kanuni za Maudhui Mtandaoni. Mwenye blogu, redio au televisheni ya mtandaoni alitakiwa kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Maombi yaligharimu shilingi 100,000, leseni shilingi 1,000,000, na ada ya mwaka shilingi 1,000,000. Aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mashirika ya haki za binadamu na ya wanahabari yalikwenda Mahakama Kuu Mtwara, ambayo mwezi Mei ilizisimamisha kanuni kwa muda, lakini kabla ya mwezi kwisha serikali ikawa imeshinda. Juni 2018 TCRA iliagiza tovuti na blogu zisizosajiliwa zisitishe kuchapisha. JamiiForums ikafunga kwa muda.

Waliodhurika zaidi ni wadogo. Chombo chenye matangazo kiliweza kulipa. Mwalimu aliyeandika historia ya kijiji chake, nesi aliyeelimisha kina mama, kijana aliyechambua vitabu, hawa hawakuwa na kipato chochote kutokana na blogu, na milioni mbili zilikuwa zaidi ya mshahara wa mwezi wa wengi wao. Mtu mwenye ukurasa wa kawaida wa Facebook hakutakiwa kulipa ada hiyo. Kwa hiyo sheria, pengine bila kukusudia, ilimwambia mwandishi: ukiwa na anwani yako utalipa, ukiandika kwenye jukwaa la kampuni ya kigeni utaendelea bure. Wengi waliacha kimyakimya. Kanuni zilifanyiwa marekebisho baadaye na ada zikapunguzwa, lakini mazoea ya kuandika yakishakatika hayarudi kwa tangazo la serikali.

Uganda ilichukua upande wa pili wa kodi. Kuanzia Julai 1, 2018 kila aliyetumia mitandao ya kijamii alitozwa shilingi 200 za Uganda kwa siku, hadi tozo hiyo ilipobadilishwa mwaka 2021 kuwa kodi ya asilimia 12 kwenye data. Tanzania ilimtoza ada mwenye kuandika, Uganda ikamtoza mwenye kusoma.

2019–2025: Kilichopatikana na kilichopotea

Itakuwa dhuluma kusema mitandao ya kijamii haikuleta heri. Ilimpa nafasi mtu asiyependa kuandika lakini anayejua kuzungumza. Mwaka 2024, vijana wa Kenya walipoupinga Muswada wa Fedha, waliueleza kifungu kwa kifungu kwenye TikTok, kwa Kiswahili, Sheng na lugha za mama, na wakajadiliana usiku kucha kwa sauti kwenye X, zamani Twitter. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni, wengine wakauawa kwa risasi; siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kutousaini muswada. Hakuna blogu ambayo ingewafikia watu wengi hivyo kwa muda mfupi hivyo.

Lakini kuandika kwenye jukwaa la mwingine ni kupanga chumba: mwenye nyumba akibadili kufuli, mpangaji hulala nje. Mwaka 2018 Facebook ilitangaza kutanguliza maandiko ya ndugu na marafiki kuliko ya kurasa za umma, na waliohamishia wasomaji wao huko waliona wasomaji hao wakipungua bila wao kukosea lolote. Google+ ilifungwa Aprili 2019, na maandishi yaliyokuwemo yakafutwa. Serikali nazo ziligundua wepesi wa kazi ya kufunga. Wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020 Tanzania, Twitter na mitandao mingine haikufikika bila mbinu za kuzunguka. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021. Mei 2025 ikawa zamu ya X kufungwa Tanzania. Maelfu ya waandishi wakiwa wamekusanyika mahali pamoja, amri moja inatosha kuwanyamazisha wote.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye kumbukumbu. Mambo Leo, jarida lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha barua na mashairi ya wasomaji wa kawaida, na Shaaban Robert alikuwa mmoja wa washairi wake. Lilikuwa jarida la serikali ya kikoloni na lilikuwa na mipaka yake. Hata hivyo matoleo yake yamehifadhiwa maktabani, na mwanafunzi wa leo anaweza kusoma watu wa Tanga walibishana nini karne moja iliyopita. Mabishano ya 2006 ni magumu zaidi kuyapata. Anwani ya blogu isipolipiwa hufa, au hununuliwa na mtu mwingine. Picha zilizohifadhiwa kwenye tovuti nyingine hubaki fremu tupu. Kinachosemwa WhatsApp hakitafutiki kabisa na asiyekuwa kwenye kundi, na posti ya Facebook ya miaka kumi iliyopita humshinda kuipata hata aliyeiandika. Mtafiti wa kesho atakayetaka kujua Watanzania walifikiri nini wakati intaneti inaingia atakuwa na kazi ngumu kuliko anayechunguza enzi za Waingereza.

Kazi iliyobaki bila mwenyewe

Blogu hazikufa zote. Jackson Biko, mwandishi wa Kenya, ameendelea kuwavuta wasomaji kwa makala ndefu kwenye BikoZulu, akitumia mitandao ya kijamii kama njia ya kuwafikia watu huku makala zenyewe zikikaa kwake. Michuzi naye alivuka kutoka enzi moja hadi nyingine, jina lake likiwa kubwa kuliko chombo alichotumia. Wote wawili wanaonyesha kwamba msomaji humfuata mwandishi mwenye sauti yake, hata kama safari hiyo inagharimu bando.

Kwa hiyo mitandao ya kijamii haikuchukua nafasi ya blogu kwa ukamilifu wake. Ilichukua kazi zake tatu, na kuzifanya vizuri kuliko blogu: kupasha habari, kupiga soga na kukusanya watu. Kazi ya nne, ya mtu kufikiri kwa urefu chini ya jina lake mwenyewe na kuacha kitu kitakachosomwa na wasiozaliwa bado, haikuchukuliwa na yeyote. Imebaki bila mwenyewe, na kuifufua kunawezekana. Mwandishi anaweza kuweka makala zake kwenye anwani yake, akasambaza viungo popote watu walipo, na akahifadhi nakala kwenye kompyuta na karatasi. Maktaba za taifa na vyuo vikuu vyetu zinaweza kukusanya blogu za Kiswahili zilizosalia kama zinavyokusanya magazeti, wakati waanzilishi wengi bado wanaweza kuulizwa. Na mamlaka zinazotunga kanuni zinaweza kumtofautisha mwananchi anayeandika kwa mapenzi na kampuni inayouza matangazo. Miaka kumi ya kwanza ya blogu iliwezekana kwa sababu mtu mmoja alikaa akamfundisha mwenzake. Gharama ya kufanya hivyo leo ni ndogo kuliko ilivyokuwa Helsinki mwaka 2005, na waandishi wa Kiswahili wapo wengi zaidi.